Nipsey Hussle na kazi ya rapa anayejimiliki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila jina la Nipsey Hussle linapotajwa, pamoja na yale ya watu wanaotaka kujua rapa asiye chini ya lebo kubwa (kampuni ya kurekodi na kuuza muziki) Marekani anaishije na pesa inamfikiaje. Ukishamfahamu mtu mwenyewe, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mikataba.

## Mtu na mwanzo wake

Nipsey Hussle alikuwa nani?

Alizaliwa Los Angeles tarehe 15 Agosti 1985 akaitwa Ermias Joseph Asghedom. Baba yake ni Mweritrea, mama yake Mmarekani mweusi, na alikulia mitaa ya Crenshaw, kusini mwa jiji, mahali ambapo kijana haponi kirahisi bila kuguswa na magenge. Yeye mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alikuwa mwanachama wa genge la Rollin' 60s. Jina la jukwaani ni mchezo wa maneno uliotokana na jina la mchekeshaji Nipsey Russell.

Mikstepu yake ya kwanza (mkusanyo wa nyimbo unaotolewa nje ya albamu rasmi), Slauson Boy Vol. 1, ilitoka 2005. Aliuawa kwa risasi tarehe 31 Machi 2019 mbele ya duka lake mwenyewe, akiwa na miaka 33. Katika miaka yote hiyo alitoa albamu moja tu ya studio, Victory Lap ya 2018. Zilizotangulia ni mikstepu, na nyingi mtu yeyote aliweza kuzipakua bure. Ndiyo maana watu huuliza alikuwa akila wapi, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inajibu swali hilo.

Uhusiano wake na Eritrea ulikuwa wa kweli au wa jina tu?

Wa kweli. Mwaka 2004, kabla hajajulikana, alikwenda Eritrea na baba yake na kaka yake Samiel, anayejulikana kama Blacc Sam, wakakaa miezi mitatu hivi. Alirudi tena 2018. Mara nyingi alieleza kwamba safari ile ya kwanza ilimwonyesha nchi ambayo watu weusi ndio wenye maduka, ofisi na serikali. Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini baadaye aling'ang'ania kununua jengo la mtaani kwake badala ya kuhamia mtaa wa matajiri.

"Kujitegemea" maana yake nini? Ni kutokuwa na lebo kabisa?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinachopima uhuru wa msanii ni nani anamiliki masta, yaani rekodi yenyewe iliyotoka studio. Unaweza kuwa na msambazaji, meneja, wakala wa matamasha na hata ubia na kampuni kubwa, ukabaki unajitegemea kwa sababu masta ni zako. Na unaweza kuonekana mitandaoni kama bosi wakati kila wimbo wako ni mali ya kampuni kwa miaka 35 ijayo (tazama swali la masta kurudi).

Tofautisha pia masta na haki za utunzi. Masta ni sauti iliyorekodiwa. Utunzi ni mashairi na muziki wenyewe, hata kama haujawahi kurekodiwa. Wimbo mmoja una mali mbili, na kila moja ina njia yake ya pesa.

Aliwahi kuwa na lebo kubwa?

Ndiyo. Baada ya mikstepu za Bullets Ain't Got No Name kumpa jina, aliingia Epic kupitia Cinematic Music Group. Albamu iliyotangazwa, South Central State of Mind, haikutoka. Mwaka 2010 aliondoka, akaanzisha lebo yake, All Money In, na tarehe 21 Desemba mwaka huohuo akatoa The Marathon.

Kusainiwa halafu albamu isitoke ni jambo la kawaida sana. Bosi aliyekusaini anahama au anafukuzwa, anayemrithi ana wasanii wake, na wimbo wa kwanza ukizembea redioni bajeti inakwenda kwingine. Wewe huruhusiwi kutoa kazi kwingine kwa sababu mkataba wako ni wa kipekee. Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachoilazimisha lebo kutoa albamu ndani ya muda fulani, au ikuachie uondoke na kazi yako.

## Crenshaw na bei ya dola 100

Ni kweli aliuza CD moja dola 100?

Kweli. Tarehe 8 Oktoba 2013 alitoa mikstepu ya Crenshaw kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza, kuipakua bure kabisa. Ya pili, nakala 1,000 za CD, kila moja dola 100, kwa kaulimbiu ya Proud 2 Pay. Ziliisha ndani ya siku moja. Jay-Z pekee alinunua 100.

Wazo alilipata kwenye kitabu cha Jonah Berger, Contagious, kinachoeleza mgahawa wa Philadelphia uliouza sandwichi ya nyama na jibini kwa dola 100 hadi jiji zima likawa linaizungumzia. Bei yenyewe ikawa habari.

Mtu analipaje dola 100 kwa kitu kinachopatikana bure?

Kwa sababu muziki haukuwa ndicho alichokuwa akiuza. Muziki aliugawa. Aliuza nafasi ya kuwa mmoja wa watu 1,000, pamoja na kuingia kwenye onyesho lililoandaliwa kwa ajili yao.

Piga hesabu uone ilivyo nzuri. CD kuchapwa kwa idadi hiyo hugharimu dola moja au mbili hivi kwa nakala. Mauzo ni dola 100,000. Chukulia msanii wa lebo anayelipwa asilimia 18, na CD inayoiingizia kampuni dola 10: ili aandikiwe dola 100,000 lazima ziuzwe nakala zaidi ya 55,000, na hata hapo pesa hiyo kwanza inalipa deni lake (tazama swali la advansi). Nipsey alihitaji watu 1,000 tu. Pungufu, ukimwondoa Jay-Z na fungu lake.

Mwisho wa 2014 alirudia na Mailbox Money: nakala 100, dola 1,000 kila moja. Bei imepanda mara kumi, nakala zimepungua mara kumi, na jumla ya pesa iliyowekwa sokoni ni ileile dola 100,000.

Mbona wengine wakiiga hawafanikiwi?

Sababu ya kwanza ni kuruka hatua. Nipsey alikuwa na miaka minane ya mikstepu nyuma yake. Watu walikuwa wanadaiwa shukrani. Kwa msanii mwenye singo mbili, hakuna mwenye deni hilo.

Ya pili ni kuuza bei bila kitu. Ukipandisha bei, ambatanisha kitu kisichoweza kupakuliwa: namba ya nakala, saini ya mkono, tiketi, kiti cha kusikiliza albamu studio kabla haijatoka.

Ya tatu, na hii inaumiza kuliko zote, ni kuvunja idadi. Ukisema 1,000 ni 1,000. Ukichapa nyingine 500 kwa sababu mahitaji ni makubwa, umewaibia waliokuamini mapema, na hao ndio wangenunua ya dola 1,000 mwakani.

## Mikataba, masta na deni

Advansi ni mkopo au ni malipo?

Ni malipo ya awali yanayokatwa kwenye mirabaha yako ijayo, yaani fungu lako la mapato ya muziki. Hudaiwi kwako nyumbani ukishindwa kuyarudisha, lakini hupati senti ya mrabaha hadi yaishe.

Lebo inakupa dola 100,000. Mkataba unakupa asilimia 18 ya mapato ya masta. Watu hudhani rekodi ikiingiza dola 100,000 deni limekwisha. Sivyo. Deni linalipwa kwa zile 18 zako tu. Gawa 100,000 kwa 0.18, unapata takriban dola 555,600. Yaani rekodi iingize zaidi ya nusu milioni ndipo uanze kupokea, na kufikia hapo lebo imeshachukua takriban 455,600 kama fungu lake. Ongeza studio, video na mara nyingi nusu ya gharama za kutangaza wimbo redioni, ambazo nazo huandikwa kwenye deni lako.

Hakuna wizi katika hesabu hii. Imeandikwa wazi kwenye karatasi uliyosaini. Soma ukurasa wa fasili za maneno kabla ya ukurasa wa pesa.

Kuna mikataba ya aina gani kwa anayetaka kubaki na masta?

Usambazaji mtupu: kampuni inafikisha muziki madukani na kwenye programu za kusikilizia, inachukua ada ya mwaka au asilimia, mara nyingi 15 hadi 30 ikikupa na huduma za matangazo. Leseni: unawakodisha masta kwa miaka kadhaa, kisha zinarudi. Ubia: faida inagawanywa, mara nyingi nusu kwa nusu, baada ya gharama kutolewa. Kwenye ubia zozania neno "gharama" kuliko asilimia. Nusu ya kitu kilichokwishaliwa ni sifuri.

Mfano unaotajwa sana ni wa rapa Master P, aliyeipeleka lebo yake, No Limit, kwa msambazaji Priority mwaka 1996 akabaki na masta zake na asilimia 85 ya mauzo. Alipata masharti hayo kwa sababu alikuwa ameshauza kwa mkono wake, na alikwenda mezani na hesabu.

Basi Victory Lap, iliyotoka na Atlantic, bado ni kazi ya kujitegemea?

Ilitoka tarehe 16 Februari 2018 kwa ubia wa All Money In na Atlantic. Kwa kipimo tulichoweka juu, tunaiona kama kazi ya mtu huru aliyekodi nguvu za kampuni kubwa. Iliingia Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, kwenye namba 4, ikiwa na mauzo na usikilizaji sawa na albamu 53,000, na ikateuliwa Grammy ya albamu bora ya rap. Nguvu hizo zina kazi yake: redio ya Marekani inahitaji timu ya watu wanaozungumza na vituo kila wiki. Rapa Macklemore na prodyuza wake Ryan Lewis nao, kwa albamu yao ya 2012, walikuwa huru lakini wakalipia huduma ya ADA, tawi la Warner, kwa ajili hiyo hiyo.

Na Chance the Rapper?

Chance, rapa wa Chicago, alibaki bila lebo, lakini Coloring Book ya 2016 ilikaa Apple Music peke yake kwa wiki mbili, na mwenyewe alieleza hadharani kwamba alilipwa dola 500,000 pamoja na tangazo. Huo ni mkataba mfupi wenye mwisho unaojulikana. Masta zilibaki zake.

Masta nilizouza zinaweza kurudi?

Sheria ya Marekani inamruhusu mtunzi, au msanii aliyerekodi, kuvunja uhamisho wa haki baada ya miaka 35, kwa notisi ya maandishi inayotolewa miaka miwili hadi kumi kabla ya siku hiyo. Kizingiti ni kwamba mikataba mingi ya lebo huiita rekodi "kazi iliyofanywa kwa ajira", yaani mali ya kampuni tangu mwanzo, na kazi ya aina hiyo haiingii kwenye haki hii. Maneno hayo yakiwa kwenye mkataba wako, mwombe mwanasheria ayapiganie sasa, si mwaka wa 34.

## Pesa inavyosafiri

Wimbo mmoja unalipa kupitia njia ngapi?

Kwa Marekani, shika nne.

Msambazaji wako anakusanya pesa ya masta kutoka Spotify, Apple Music na wenzao. ASCAP au BMI, vyama vya mirabaha vya watunzi, wanakusanya pesa ya utunzi wimbo unapopigwa hadharani, redioni au mtandaoni. The MLC, shirika lililoanza kukusanya Januari 2021, linalipa mrabaha wa unakilishaji wa utunzi kwa kila strimu (kila wimbo unaposikilizwa mtandaoni) ya Marekani. SoundExchange, shirika la pesa ya rekodi, wanakusanya kwa redio za kidijitali na za satelaiti kama SiriusXM, wakigawa 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Rapa anayemiliki masta anajisajili SoundExchange mara mbili, kama msanii na kama mwenye rekodi, anachukua 95. Wengi hujaza fomu ya kwanza tu.

Jambo linalowashangaza wageni ni hili: redio ya kawaida ya Marekani, ya FM, haimlipi msanii wala mwenye masta hata senti. Inamlipa mtunzi tu.

Nina msambazaji. Je, bado nahitaji MLC?

Ndiyo. Msambazaji anakuletea pesa ya masta. Ya utunzi haimhusu, isipokuwa umelipia huduma ya ziada. MLC lilipoanza, kampuni za striming zililikabidhi takriban dola milioni 424 za miaka ya nyuma ambazo hazikuwa zimepata wenyewe. Kujisajili ni bure. Weka jina la wimbo lilivyo kwenye programu, namba ya ISRC (utambulisho wa rekodi) uliyopewa na msambazaji, na migao ya watunzi.

Migao ya watunzi tunaiwekaje?

Siku hiyohiyo, kabla mtu hajavaa koti kuondoka studio. Mazoea ya hip hop ni biti (muziki unaobeba maneno) nusu, maneno nusu. Tuseme prodyuza mmoja katengeneza biti, rapa kaandika beti mbili na kiitikio, mgeni kaandika beti moja. Prodyuza 50, rapa 35, mgeni 15. Karatasi moja: jina halali la kila mtu, jina la kisanii, chama chake cha mirabaha, namba yake ya mtunzi kwenye chama hicho, asilimia, saini, tarehe. Piga picha, tuma kwa wote.

Tatizo hujitokeza pale kila mtu anapojisajilia kivyake. Prodyuza anaandika 50, rapa 50, mgeni 15, jumla 115. Pesa inazuiwa hadi mkubaliane, na wakati huo wimbo umeshavuma na hakuna anayetaka kushuka.

Biti niliyokodi mtandaoni kwa dola 30 inatosha?

Kwa kuanzia, ndiyo, ila soma kikomo. Leseni hizo huweka idadi ya strimu na si za kipekee, kwa hiyo rapa mwingine ana biti ileile. Usiusajili wimbo wa namna hiyo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti: mfumo utadai video za wengine waliokodi kihalali, utapingwa, na msambazaji anaweza kukufungia akaunti. Wimbo ukianza kupanda, nunua haki kamili mapema, bei haijapanda nao.

Mikstepu ya bure inaruhusu sampo bila ruhusa?

Hapana. Kutouza si kinga. Sampo, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine, inahitaji ruhusa mbili, ya mwenye masta na ya mwenye utunzi. Tangu hukumu ya 1991 dhidi ya rapa Biz Markie, aliyetumia sampo bila ruhusa, mahakama za Marekani hazichezi. Zinatofautiana kwenye kipande kidogo sana: hukumu ya rufaa ya 2005 iliyotoka Cincinnati ilisema pata leseni au usiguse, wakati ile ya 2016, ya eneo lenye California ndani yake, ilikubali kwamba kipande kisichotambulika hakivunji haki. Usijenge albamu juu ya tofauti hiyo.

Tazama Hussle & Motivate kwenye Victory Lap. Inabeba Hard Knock Life ya Jay-Z ya 1998, ambayo nayo inabeba wimbo wa tamthilia ya Annie. Biti moja, tabaka tatu, na watunzi wa tabaka la chini kabisa wana fungu lao.

## Duka, jengo na urithi

Kwa nini rapa afungue duka la nguo?

Kwa sababu fulana inaacha faida ambayo strimu haiachi. Fulana inayochapwa kwa dola 8 na kuuzwa 30 inaacha 22 kabla ya kodi na mishahara. Ukiiuza ukumbini, kumbi nyingi hukata asilimia 20 au zaidi ya mauzo.

The Marathon Clothing ilifunguliwa tarehe 17 Juni 2017 kwenye kona ya Slauson na Crenshaw, palepale ambapo yeye na kaka yake walikuwa wakichuuza vitu miaka ya nyuma. Pamoja na mtaalamu wa teknolojia Iddris Sandu walitengeneza programu ya simu: ukiielekeza kwenye nguo, inafungua muziki na video ambazo huzipati kwingine. Mapema 2019 alikuwa ameshanunua eneo zima la maduka kwa ubia na David Gross, mwenzake katika Vector90, kituo cha kazi walichokifungua mtaani humo 2018. Mwenye nyumba hakuweza tena kuwahamisha.

Aliacha wosia?

Kaka yake alipoomba mahakamani mwaka 2019 kusimamia mirathi, ilielezwa kwamba hakukuwa na wosia. Mirathi ya msanii huru ni ngumu kuliko ya msanii wa lebo, kwa sababu ana vitu vingi zaidi: masta, utunzi, alama ya biashara, hisa, ardhi. Andika wosia mara tu unapomiliki masta ya kwanza. Orodhesha akaunti za msambazaji na za vyama vya mirabaha, taja nani ataingia humo, na hakikisha alama ya biashara imesajiliwa kwa jina la kampuni yako.

Tuzo alizipata lini?

Januari 2020, baada ya kifo chake, Grammy mbili, kwa nyimbo za Racks in the Middle na Higher. Nyota yake kwenye njia ya mashuhuri ya Hollywood ilizinduliwa tarehe 15 Agosti 2022, siku ambayo angetimiza miaka 37.

## Ukiwa Afrika Mashariki

Nipo Dar au Mombasa na natumia msambazaji wa Marekani. Kodi inakuwaje?

Utaombwa fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani kwa kodi. Ijaze kwa jina lililo kwenye pasipoti au kitambulisho, si la kisanii. Wala Tanzania wala Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mrabaha unaotokana na wasikilizaji walioko Marekani hukatwa asilimia 30. Pesa ya wasikilizaji wa nchi nyingine haiguswi na makato hayo. Usipojaza fomu, YouTube inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, hata kama hakuna Mmarekani aliyekusikiliza. Fomu huisha muda mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Weka kumbukumbu kwenye simu, kwa sababu makato hubadilika kimyakimya na mara nyingi hutayaona hadi taarifa ya malipo itoke.